Onja Kabla ya Kukunja: Usia wa Sambusa Kutoka Siyu

Mtu aendaye Siyu kwa mashua hana budi kuyatii maji. Mji huo uko katika kisiwa cha Pate, miongoni mwa visiwa vya Lamu, na mkondo wa kuufikia hupita katikati ya mikoko. Maji yakijaa, mashua hupita. Yakitoka, hukaa juu ya tope, na abiria hana la kufanya ila kungoja. Kwa sababu hiyo mimi, niliyepelekwa huko kwa kazi ya ofisi ya siku mbili, nilikaa siku tatu. Siku ile ya tatu sikuwa na daftari la kukagua wala barua ya kuandika, na ndiyo siku niliyojifunza jambo ninalopenda kuwaeleza wasomaji.

Wengi wameisikia Siyu kwa sifa za mafundi wake: washonaji wa makubadhi ya ngozi, wachongaji wa milango na viti, na zamani waandishi walionakili Kurani kwa mkono. Wengine wameisikia kwa ngome yake na kwa jina la Bwana Mataka, mtawala wake, ambaye katika miaka ya 1840 alikataa kutiishwa na Sayyid Said wa Unguja. Na wapenzi wa tungo za kale wanajua ya kuwa mke wa Bwana Mataka, Mwana Kupona binti Mshamu, alitunga mwaka 1858 utendi wa kumwusia binti yake mambo ya dini na ya nyumba. Basi si ajabu kwamba mimi nami nilipata usia katika mji huo. Ila usia wangu ulihusu sambusa.

YALIYOTOKEA ALASIRI

Ulikuwa mwezi wa Ramadhani. Mwenyeji wangu, mzee wa heshima, alikuwa amemwoza mwanawe miezi michache kabla ya hapo, na bibi arusi alitoka mji wa Lamu. Hiyo ilikuwa Ramadhani yake ya kwanza katika nyumba ya mumewe, na alasiri ile ndiye aliyepewa kazi ya kupika nyama ya sambusa za futari. Kila aliyeoa au kuolewa anafahamu uzito wa kazi kama hiyo. Chakula cha mkaza mwana mgeni huliwa na watu wa nyumbani, lakini habari zake hufika mpaka kwa majirani.

Sasa, mpishi wa Ramadhani ana shida isiyompata mpishi wa miezi mingine, nayo ni kwamba amefunga. Wako waonjao kwa ncha ya ulimi kisha wakatema, na wanazuoni wengi huliruhusu jambo hilo penye haja, maadamu hakuna kilichomezwa. Lakini wako pia waonao hofu, nao hupika kwa kukisia. Bibi arusi huyu alikuwa miongoni mwa hao wa pili. Alitia chumvi kwa kipimo cha mkono wake, kama alivyozoea kwao.

Ilipokaribia saa kumi, mama mwenye nyumba alimwita mjukuu wake wa miaka sita, ambaye hajaanza kufunga, akampa kijiko aonje. Sisi wanaume tulikuwa tumeketi barazani. Tukamsikia mtoto akisema kwa sauti kubwa, "Bibi, hii ni bahari!"

Pakawa kimya. Kisha tukasikia sauti ya kijana mwanamke, nayo ilikuwa karibu na kulia: "Mama, nimeharibu."

"Hujaharibu, mwanangu," mavyaa wake akamjibu. "Bado hatujakunja."

Jioni sambusa zililetwa, nami nasema kweli kwamba zilikuwa nzuri. Nilipozisifu, mwenyeji wangu alicheka, nami nikamwomba ruhusa ya kuuliza zilitengenezwaje baada ya kuwa bahari. Mama mwenye nyumba alinijibu kutoka nyuma ya pazia. Mwanzoni alisita, asimwaibishe mkaza mwana wake, lakini yule bibi arusi mwenyewe akasema, "Mweleze tu, mama, wengine wasije wakafanya kama mimi." Basi nikatoa daftari yangu, kama ilivyo desturi yetu makarani, nikaandika. Mengine nimeyaongeza mwenyewe baada ya kusoma na kuuliza.

Neno kubwa katika usia ule ni hilo alilolisema mama jikoni. Mchuzi ukikosewa, sufuria iko wazi na mwiko uko mkononi. Sambusa haiko hivyo. Vitu vya ndani, ambavyo hapa nitaviita kijazo, vikishakunjwa katika manda na kuingia katika mafuta, hakuna tena njia ya kuvifikia. Kosa la kijazo hutengenezwa kabla ya kukunja, au halitengenezwi kabisa. Na kila kosa lina sababu yake. Anayetibu bila kujua sababu huongeza kosa la pili juu ya la kwanza.

CHUMVI ILIYOZIDI

Kwanza tutazame kilichompata bibi arusi. Mkono wake haukukosea. Kilichobadilika ni maji. Mji wa Lamu hupata maji matamu kutoka mchanga wa vilima vya Shela. Katika kisiwa cha Pate visima vingi hutoa maji yenye chumvi kidogo, hasa wakati wa kiangazi, na ndiyo maana watu huyathamini maji ya mvua yanayowekwa katika majabia. Yeye alichemsha nyama kwa maji ya kisima mpaka yakakauka. Maji yakikauka hupanda hewani peke yake, na chumvi yake hubaki katika nyama. Kisha juu ya chumvi hiyo akaongeza kipimo cha kwao.

Mama alifanya nini? Alichukua mbatata, akazichemsha kwa maji ya jabia bila chumvi hata chembe, akaziponda na kuzichanganya na nyama. Akakata vitunguu vingi zaidi ya kawaida, akatia, na mwisho akakamulia ndimu. Mtoto aliitwa mara tatu kuonja, na mara ya tatu aliomba kijiko kingine.

Hesabu yake ni nyepesi. Tuseme umetia vijiko viwili vya chai vya chumvi katika nusu kilo ya nyama iliyotaka kijiko kimoja. Ukiongeza nusu kilo ya mbatata zisizo na chumvi, vijiko vile viwili sasa vinatumikia kilo nzima, na mambo yamekuwa sawa. Hakuna kitu kinachoiondoa chumvi iliyokwisha kuingia. Dawa yake ni kuigawa kwa vitu vingi zaidi. Watu wengine hutumbukiza kiazi kizima ndani ya sufuria, kisha wakakitoa, wakiamini ya kuwa kimefyonza chumvi. Kiazi hicho hunywa maji ya chumvi kama yalivyo, wala hakichagui chumvi na kuacha maji. Nafuu yake ni ndogo sana. Ndimu pia haiondoi chumvi, ila huupa ulimi jambo jingine la kusikiliza.

Ili kosa lisirudi, tumia kijiko badala ya mkono. Kwa nusu kilo ya nyama, kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa juu ni mwanzo mzuri ikiwa maji ni matamu. Ikiwa maji ni ya kisima chenye chumvi, anza na nusu ya kijiko, uonje nyama ikishakauka, ndipo uongeze.

KIJAZO KILICHO CHAPWA

Kosa lililo kinyume cha hilo ni kijazo kilicho chapwa, kisicho na ladha yoyote. Mpishi asiye na subira hukimbilia kuongeza pilipili, na matokeo yake ni kijazo kilicho chapwa na kikali kwa wakati mmoja. Fuata taratibu. Kwanza angalia chumvi, maana chumvi ikipungua hata viungo vizuri hulala. Ikiwa chumvi inatosha, angalia ukali wa ndimu. Nyama na mafuta bila kitu kichachu huchosha ulimi upesi.

Jambo hili watu wa pwani wamelijua tangu zamani. Msafiri Ibn Battuta, aliyepita Mogadishu, Mombasa na Kilwa mwaka 1331, aliandika kwamba huko Mogadishu aliandaliwa wali wenye samli, na pamoja nao malimau ya achari, tangawizi mbichi na maembe. Msafiri huyo huyo baadaye alifika India, akaeleza juu ya sambusa zilizoandaliwa huko: nyama iliyokatwa vidogo vidogo, pamoja na lozi, njugu za aina mbalimbali, vitunguu na viungo, ikafungwa katika mkate mwembamba na kukaangwa kwa samli. Basi chakula hiki ni msafiri wa miaka mingi, na ndimu yetu ni rafiki yake wa kale.

Ndimu itiwe baada ya sufuria kuteremshwa motoni, kwa kuwa harufu yake nzuri hupotea ikichemshwa sana. Majani ya dania, ambayo wengine huyaita kotmiri, yatiwe pia wakati huo.

Ikiwa chumvi iko na ndimu iko, lakini bado kijazo hakina harufu, basi kosa liko katika viungo vyenyewe. Bizari iliyosagwa na kukaa miezi mingi katika karatasi karibu na jiko imekwisha kutoa mafuta yake ya harufu, na iliyobaki ni vumbi. Nunua bizari nyembamba, pilipili manga na mdalasini vikiwa vizima, ukaange kidogo bila mafuta mpaka vinukie, uvitwange, na kinachobaki kiwekwe katika kopo lenye kifuniko, mbali na jua na moto.

UCHUNGU NA UBICHI WA VIUNGO

Hapa pana makosa mawili ambayo watu huyachanganya. La kwanza ni viungo kuwa vibichi, na dalili yake ni kama unga ulimini. Hili lina dawa. Harufu ya viungo huyeyuka vizuri katika mafuta kuliko katika maji. Kwa hiyo ukirusha bizari juu ya nyama yenye maji, haitaiva vema. Weka samli kijiko kimoja katika kikaango kingine, utie kitunguu saumu na tangawizi vilivyopondwa, kisha viungo, ukoroge kwa muda mfupi juu ya moto mdogo, halafu umimine nyama humo.

Kosa la pili ni viungo au kitunguu saumu kuungua, na dalili yake ni uchungu unaobaki kooni. Hili halina dawa kamili. Mara unaposikia harufu ya kuungua, usikwangue chini ya sufuria. Hamisha nyama ya juu katika chombo kingine, uonje. Ikiwa uchungu ni kidogo, chumvi ya kutosha na mbatata zitaupunguza. Ikiwa ni mwingi, kubali hasara ya viungo kabla hujapata hasara ya manda na mafuta pia. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta.

PILIPILI ILIYOZIDI

Ukali wa pilipili hauyeyuki katika maji, bali katika mafuta. Ndiyo sababu mtu aliyeungua kinywa akinywa maji hapati nafuu, na akinywa maziwa hupata. Kijazo kilichozidi pilipili kiongezewe mbatata au nyama isiyo na pilipili, kama tulivyofanya katika chumvi, na mezani paletwe mtindi pembeni. Usiongeze sukari nyingi ukidhani utaufukuza ukali. Utapata sambusa tamu inayowasha, na wageni hawatajua waseme nini.

MAJI YALIYO NDANI

Wengi hudhani ya kuwa kijazo chenye maji ni kosa la manda tu, kwa kuwa manda hulowa na kupasuka ndani ya mafuta. Lakini ni kosa la ladha vilevile, maana maji hufifisha kila kitu. Sababu zake ni tatu. Kwanza, nyama kuteremshwa kabla haijakauka. Pili, vitunguu kutiwa mapema pamoja na chumvi. Chumvi huvuta maji kutoka ndani ya kitunguu, na baada ya saa moja utakuta dimbwi chini ya bakuli. Tatu, kukunja kijazo kikiwa moto, kwa maana mvuke hugeuka kuwa maji ndani ya manda.

Kausha nyama kabisa juu ya moto, uitandaze katika sinia ipoe, ndipo uchanganye vitunguu vilivyokatwa na kukamuliwa, ukunje papo hapo. Kijazo kilichokwisha kulowa kirudishwe motoni, bila kifuniko, mpaka kikauke. Lakini kumbuka kuonja tena, maana maji yakiondoka chumvi huzidi kusikika.

KOSA LISILOTENGENEZWA

Nilipouliza juu ya kijazo cha samaki, sauti ya nyuma ya pazia ilibadilika ikawa kali. "Nyama iliyonuka au samaki aliyelala bila barafu," alisema mama, "usimtafutie bizari. Mtafutie shimo."

Maneno haya yana ukweli ambao wataalamu wa afya wanauthibitisha, nami naomba wasomaji wayashike kuliko mengine yote. Shombo ya kawaida ya samaki mbichi mzuri hupungua kwa ndimu na tangawizi, na hilo ni jambo la upishi. Lakini jodari, nguru na vibua, wasipowekwa katika baridi mara baada ya kuvuliwa, hufanya ndani ya mwili wao sumu iitwayo histamini. Sumu hiyo haiondoki kwa kuchemsha wala kwa kukaanga. Samaki huyo pengine hanuki wala hana sura mbaya, ila huweza kuleta mwasho mdomoni kama wa pilipili mahali ambapo hukutia pilipili. Mlaji huona uso ukiwa mwekundu au wa moto, kichwa kikiuma, moyo ukienda mbio na mwili ukiwasha, mara nyingi katika muda wa saa moja. Mwenye dalili hizo apelekwe hospitali. Basi ukionja kijazo cha jodari ukasikia mwasho usio na sababu, usikitie ndimu wala sukari. Tema, ukitupe chote.

Nyama nayo ina sheria yake. Chakula kilichopikwa kisikae nje kwa zaidi ya saa mbili, na kukiwa na joto kali la digrii 32 au zaidi, kisizidi saa moja. Vijidudu hupenda uvuguvugu, na vingine huacha sumu isiyokufa motoni. Kwa hiyo anayepika kijazo asubuhi ili akunje alasiri, akiweke katika jokofu au barafu. Asipokuwa nayo, apike karibu na wakati wa kukunja. Akina mama wanaouza sambusa walizingatie hili hasa. Hasara ya sufuria moja hurudi kwa mauzo ya siku mbili, lakini mteja aliyeugua harudi.

MWISHO

Najua watakuwapo watakaosema kwamba mambo ya jikoni si ya kuandikwa gazetini na mwanamume. Nami nawajibu kwamba sisi wanaume ndio wa kwanza kunung'unika chakula kikikosewa, basi si vibaya tukajua walau kwa nini kimekosewa. Nyama hununuliwa kwa fedha, na fedha hutoka shambani au ofisini kwa jasho. Kuitupa kwa kukosa kuonja ni kulitupa jasho lile.

Kwa hiyo kila nyumba ifanye mambo matatu madogo. Vipimo vilivyofaulu viandikwe, maana mkono husahau na maji hubadilika. Kabla ya kukunja zote, ikunjwe sambusa moja tu, ikaangwe na kuonjwa, kwa kuwa kijazo kikiwa ndani ya manda ladha yake hupungua kidogo kuliko kikiwa kijikoni. Na mwezi wa Ramadhani, atafutwe mtoto mkweli asiyefunga bado, aulizwe, tena asigombezwe akisema kweli.

Usiku ule bahari ilijaa, na nahodha akaniita. Nilipokuwa nikiaga, mama mwenye nyumba alinipa sambusa sita zilizofungwa katika karatasi, akanituma niwape salamu watu wa Lamu. Kisha akaongeza neno moja la kupelekwa kwa wazazi wa bibi arusi, nami nililifikisha kama lilivyo: "Waambie binti yao anajua kupika. Alikuwa hayajui maji yetu tu."